Kijitabu cha kijani cha shilingi 5,000: mistari tisa ya Yakobo kwenye meza ya fundi cherehani

Sikukitafuta. Niliingia duka la vitabu vya dini kununua kadi ya ubatizo ya mtoto wa mdogo wangu, nikatoa noti ya elfu kumi, muuzaji akakosa chenji. Akapekua chini ya kaunta, akaibuka na kijitabu cha kijani. "Mama, chukua hiki, tuwe tumemalizana." Kadi elfu tano, kijitabu elfu tano, nikatoka. Kwa hiyo ujue mapema: anayekueleza habari zake alipewa kitabu badala ya chenji, na alitoka dukani amenuna.

Jina lake silitaji. Nitakisifu na nitakisema, na waliokiandika sina ugomvi nao. Atakayekiona atakijua: jalada la kijani kibichi, mchoro wa kioo cha kujitazamia, kurasa 64, na ndani hakuna kitu kingine ila Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, mstari wa 19 mpaka wa 27. Mistari tisa kwa siku 30. Nilipoiona hesabu hiyo nilicheka. Mimi nimezoea ile mipango ya kumaliza Biblia kwa mwaka, sura tatu nne kila asubuhi, na kila mwaka ninakwama kwenye Mambo ya Walawi, mwezi wa pili.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, kibanda changu hakiko mbali na Soko la Chifu Kingalu. Nashona magauni, sare za shule, majoho ya kwaya, na Desemba huwa sipumui. Sina chumba cha kimya cha kusomea. Nina meza ya kukatia, binti mmoja ninayemfundisha kazi, na wateja wasiobisha hodi. Kijitabu nilikisoma saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kufungua, na siku nyingine katikati ya kazi umeme ukikatika.

Nimalizane kwanza na karatasi. Ni mbovu. Ukiandika kwa kalamu ya wino maneno yanatokea upande wa pili, na hicho ni kitabu kinachokutaka uandike kila siku. Kimebanwa kwa pini mbili tu katikati, na kufikia wiki ya tatu kurasa za kati zilishaanza kuachia. Mimi nilikishona. Nilitoboa matundu matano kwa sindano ya jinzi, nikapitisha uzi wa nailoni, sasa kimetulia. Lakini si kila msomaji ni fundi. Ukurasa wa siku ya 17 ulitoroka kabla sijakishona, nikaja kuukuta umekatwa kielelezo cha kola. Binti aliona karatasi imelala chini, akaichukua.

Tuje ndani. Kila siku ina kurasa mbili. Kushoto ni ile mistari tisa yote, imechapwa upya kila siku, mara 30. Kulia ni maelezo mafupi, swali moja au mawili, mistari minne ya kuandika, na chini kabisa maneno matatu: "Nani, na lini?" Mwanzoni niliona kule kurudia mistari ni kula karatasi bure. Siku tatu za kwanza kulia hakuna maelezo kabisa. Unaambiwa usome kwa sauti, halafu unakili kwa mkono wako. Siku ya kwanza nilinakili haraka kama ninayeandikiwa adhabu shuleni. Siku ya pili nikagundua nimeruka neno. Siku ya tatu nikagundua kwamba kwa miaka yote nimekuwa nikiukariri mstari ambao haupo.

Mimi nilikuwa nasema "mwepesi wa kusikia, mzito wa kusema, mzito wa hasira." Ndivyo wahubiri wanavyosema. Lakini Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekulia, inasema: "Basi kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika." Hakuna mzito hapo. Siku ya nne ndipo kijitabu kinafafanua: Kigiriki cha Yakobo kimetumia neno lenye maana ya uzito, mwendo wa polepole, na limetajwa mara mbili, kwa kusema na kwa hasira. Watafsiri wetu wakachagua "si mwepesi". Kwa hiyo wahubiri nao hawakukosea. Halafu kinakupeleka kwa Musa kule Kutoka 4, alipomwambia Mungu asimtume kwa sababu ulimi wake ni mzito. Kile alichokitoa Musa kama udhuru, Yakobo anakitaka kwa kila mtu. Kijitabu hakiendelei zaidi, kinakuachia hapo. Mimi nilikaa na jambo hilo siku nzima nikipinda sketi za shule.

Siku ya sita alikuja mteja wa gauni la lasi, la sendofu ya mdogo wake, Jumamosi ile ile. Gauni lilikuwa limembana mpaka zipu haipandi. Alianza kusema akiwa bado mlangoni. Jibu nilikuwa nalo tayari, wala halikuwa zuri: vipimo vyako viko kwenye daftari, dada, kama umenenepa baada ya kupimwa ni juu yako. Kilichoniokoa ni pini. Nilikuwa napanga pindo la joho, nina pini nne mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hasemi. Nikamwashiria asogee kwenye mwanga, nikaanza kukagua mshono wa ubavuni, naye akaendelea kusema. Akasema foleni, akasema michango ya sendofu, akasema mama yao anaumwa magoti. Mwisho akasema mwenyewe: "Tena nilipopita juzi ukiwa haupo nilimwambia yule binti abane kiuno kidogo, sasa si kidogo hii!"

Kumbe. Binti alibana, hakuniambia. Ningetoa zile pini na kusema la kwangu, ningemtukana mteja kwa kosa la kibandani kwangu.

Sasa hapo ungedhani nimefaulu. Sikufaulu. Nilitema pini kwenye kiganja nikamgeukia binti, nikamsema mbele ya mteja, nikamsema mpaka mteja ndiye akaanza kumtetea. Mstari wa 19 una kusema, na una kukasirika. La kwanza nilizuiwa na pini, la pili hapakuwa na cha kunizuia. Jioni nilipofungua kijitabu kuandika "Nani, na lini?" sikuhitaji kufikiri. Niliandika jina la binti, nikaandika saa moja asubuhi. Kesho yake nilimwomba radhi akiwa anaingiza uzi kwenye sindano. Akasema, "Sawa fundi," akaendelea na uzi wake. Lasi ilikuwa na akiba ya sentimita mbili kila upande, tuliiachia, zipu ikapanda.

Hiyo "Nani, na lini?" ndiyo inayonifanya nikisifu kijitabu hiki. Nimeshiriki mafunzo mengi ya Biblia, kanisani na nyumba kwa nyumba, na mwisho wake siku zote ni ule ule: tumejifunza kuwa na upendo, tumejifunza kuwa wavumilivu, tufunge kwa sala. Hakuna anayekuuliza upendo huo ni kwa nani na saa ngapi. Hapa ukiandika "niwe mvumilivu" unaona mwenyewe hujajibu. Lazima liwe jina la mtu, lazima iwe saa. Siku mbili nilikosa wa kumwandika, nikaacha wazi, na uwazi huo ukaniudhi kuliko maswali.

Mstari wa 21 unasema "wekeni mbali uchafu wote." Maelezo ya siku ya 10 ni mafupi kuliko yote, sentensi tatu tu: neno lile la kuweka mbali ni neno la kuvua nguo, na uchafu unaotajwa ni ndugu wa neno analolitumia Yakobo katika sura ya pili kwa mavazi ya yule maskini aliyeingia sinagogi. Basi. Aliyeandika hapo hakujua kitabu kitafika kwa fundi, lakini mimi nimepokea nguo chafu za watu maisha yangu yote. Mteja analeta shati la kubana mikono, hajalifua, kola ina mstari mweusi. Huwezi kupima mpya juu ya chafu. Nina kipande cha pazia kwenye kona, watu wanavulia hapo, na kuna mama mmoja mtu mzima hakubali kuvua, anataka apimwe juu ya gauni na kanga juu. Nampima hivyo hivyo, na kila mara nguo inatoka pana.

Kioo sasa. Mistari ya 23 na 24, mtu anayejiangalia uso kwenye kioo, "kisha huenda zake, mara akasahau jinsi alivyo." Kijitabu kimetoa siku tano kwa kioo, na hapa kimechanganya mazuri na ya ovyo. Kinaeleza vizuri kwamba vioo vya wakati ule vilikuwa shaba iliyosuguliwa, na sura ilionekana kwa ukungu. Kisha kinahitimisha kwamba ndiyo maana mtu alisahau. Hapana. Mimi nina kioo kirefu cha kisasa, kimepasuka kidogo chini lakini kinaonyesha vizuri tu, na watu wanasahau vile vile. Mteja anasimama, anageuka kulia, anageuka kushoto, anaona bega moja limeshuka, anasema, "Fundi, hapa." Anatoka, anakutana na rafiki yake mlangoni, rafiki anasema umependeza, habari ya bega imekwisha. Atarudi baada ya mwezi analalamika kwamba nilimshonea bega limeshuka. Shaba haihusiki.

Lakini ukurasa unaofuata, wa mstari wa 25, ndio bora kuliko zote. Kinasema yule "aliyeitazama sheria kamilifu" ametazama kwa namna nyingine: neno hilo ni la kuinama na kuchungulia, na ndilo lililotumika Yohana 20, mwanafunzi alipoinama mlangoni mwa kaburi akaviona vitambaa vya sanda. Nilisoma nikaacha kazi. Kwenye kioo mtu anasimama wima. Mimi mshono ukianza kuruka siangalii nikiwa nimesimama. Nainama mpaka pua inakaribia bobini, naangalia uzi wa chini umekaa vipi, sindano imepinda au haijapinda. Na sitoki hapo mpaka nimejua. Kumbe kuna kusoma Biblia kwa kupita mbele ya kioo, na kuna kusoma kwa kuinama. Ile aya ya siku inayoingia kwenye simu yangu kila asubuhi, ninayoisoma nikipiga mswaki, nimeitambua iko upande gani. Sijaiondoa, lakini nimeitambua.

Kuna jambo ambalo kijitabu hakikulisema, nami kama Mlutheri lilinichekesha. Martin Luther mwenyewe hakuupenda sana waraka huu. Katika dibaji yake ya Agano Jipya ya mwaka 1522 aliuita waraka wa majani makavu, akiulinganisha na Warumi na Wagalatia. Nilimsimulia jirani yangu, muuza maandazi, ambaye ni Mkatoliki na msomaji wa masomo kanisani kwao. Tulikuwa tunasoma pamoja, yeye akikaanga, mimi nikisubiri maandazi ya chai ya saa nne. Alicheka, halafu akaniambia na kwao kuna kituko chake: Yakobo huyu ni somo la pili la Jumapili ya 22 ya mwaka B wa mzunguko wao wa masomo, alilisoma yeye mwenyewe Septemba 1, 2024, lakini somo linaruka. Linatoka mstari wa 18 linaingia nusu ya 21, linasoma 22, kisha linakwenda 27. Hasira haimo, kioo hakimo. "Kwa hiyo ninyi Luther aliwapunguzia uzito, na sisi tukapunguziwa mistari," akasema, akageuza maandazi.

Nakushauri utafute mtu kama huyo. Kijitabu kimeandikwa kwa mtu aliye peke yake, na ukiwa peke yako ni rahisi kuandika jina ambalo halikugharimu. Yeye alikuwa akisoma jina nililoandika, ananitazama. Mara mbili nilifuta.

Kasoro kubwa ya ndani ni mifano. Inamhusu bosi wangu, kikao, barua pepe niliyojibu kwa hasira, msongamano wa magari nikiwa nyuma ya usukani. Ofisi ofisi tu. Mama anayeuza mchicha, dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa ndani, hamna. Na nyuma ya kitabu wameweka "majibu yanayopendekezwa". Majibu ya nini? Swali limeniuliza nimemkasirikia nani wiki hii, halafu ukurasa wa 63 unanijibu "mwenzi wako au mfanyakazi mwenzako." Nilizibandika kurasa hizo kwa gundi.

Pia hakikuonyi kuhusu gharama. Siku ya 22 ni mstari wa 26, wa kuuzuia ulimi kwa hatamu. Zoezi lake ni kuweka alama kila unaposema jambo ambalo unajua si kweli. Jamani, mimi ni fundi cherehani! Nilichora kwa chaki pembeni ya meza. Ilipofika saa sita mchana nilikuwa na mistari saba, na mitano kati yake ilikuwa neno moja: kesho. "Njoo kesho." "Kesho jioni iko tayari." "Imebaki vifungo tu, kesho." Vifungo gani, hata kukata nilikuwa sijakata. Kesho yake nikajaribu ukweli kwa mteja wa kwanza: "Dada, kitenge chako sijakigusa. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo." Alinitazama kama nimemtukana, akachukua kitenge chake akaenda kwa fundi wa kibanda cha tatu. Elfu 25 ilikwenda na miguu yake. Yule fundi alimwambia njoo kesho, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nimeendelea hata hivyo, kwa kusuasua. Sasa naandika tarehe kwenye karatasi ninayoibana kwenye kitambaa mbele ya mteja, na naongeza siku mbili juu ya ninavyodhani. Wengine wamekaa, wengine wameondoka. Kijitabu kinazungumza kana kwamba ukitenda neno kila mtu atakushukuru.

Kwa jumla nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeichukua kwa karatasi, pini na ukurasa wa 63. Elfu tano ni bei ya haki. Nunua na daftari dogo, maana mistari minne haitoshi, na tumia penseli. Kama unataka kitu cha kukufundisha historia ya Yakobo au mabishano ya imani na matendo, hiki siyo. Na usisome siku mbili kwa pamoja ili kufidia ile uliyoruka. Nilijaribu, ikawa kama zamani, macho yanakwenda lakini hakuna kinachobaki.

Nimeacha mstari wa 27 mpaka mwisho kwa kuwa hapo sijamaliza. "Kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao." Kijitabu kimeweka picha ya kikundi kimesimama mbele ya kituo cha watoto, maboksi ya sabuni mbele, wote wanatabasamu. Siku ya 28 kinashauri mfanye safari kama hiyo. Sina neno na sabuni. Lakini sisi tunajua kumtazama mgonjwa ni nini: unakwenda, unakaa, unaondoka baadaye sana. Na mjane wa kumtazama mimi sikuhitaji safari. Yuko mtaa wa nyuma, ananidai mimi kumtazama na mimi namdai elfu 18, salio la sare za wajukuu wawili tangu Januari. Nimekuwa nikimtuma binti kukumbusha.

Nilikwenda mwenyewe Jumapili baada ya ibada. "Shikamoo mama." Hata sijafika kwenye kiti. "Marahaba mwanangu, ile hela yako naikumbuka, mwisho wa mwezi huu kijana wa mjini..." Nikasema sikuja kwa ajili ya hela. Hakuniamini. Nikasikia mtoto akinong'onezwa aende kwa jirani kuomba sukari ya chai ya mgeni. Nikataka kukataa chai, nikaona kukataa ni vibaya zaidi, nikanywa. Tulizungumza habari za magoti yake na za mahindi yaliyokauka. Sweta ya mjukuu ilikuwa kwenye kamba, kiwiko kimetoboka, nikaiomba niende nayo.

Deni bado limo kwenye daftari la wateja. Sijalifuta, maana nilipotaka kulifuta nilikumbuka alivyoanza kujitetea mlangoni, nikaona nikimwambia nimekusamehe nitakuwa nimemdai mara nyingine. Na kulidai siwezi tena. Kijitabu hakina msaada hapo, nimetafuta. Kwenye "Nani, na lini?" ya siku ya 28 nimeandika jina lake, kwa penseli, na Alhamisi jioni, nitakaporudisha sweta. Nusu kilo ya sukari nimeshanunua, nimeifunga ndani ya mfuko wa sweta.